Magurudumu Yote Matatu

Kazi ya mtendaji wa kijiji ni kushuku. Haikuandikwa hivyo kwenye barua yangu ya ajira, lakini baada ya miaka tisa, sita kati ya hiyo hapa Tarime, sina neno jingine la kuieleza. Mtu akija ofisini kuomba barua ya utambulisho, najiuliza anaipeleka wapi. Akija kunisalimia tu, najiuliza zaidi. Jina langu Honoratha, kwetu ni Muleba, na watu wa huku wananiita Mtendaji hata nikiwa nanunua nyanya.

Kwa hiyo Nyangwine alipoanza kuunda ndege, sikungoja kuambiwa nimwangalie. Nilikuwa namwangalia tangu zamani.

Nyangwine ana miaka arobaini na minane. Ni fundi wa mashine za kusaga, kibanda chake kipo Nkende, mjini, lakini nyumba yake iko kijijini kwetu, nusu saa kwa bodaboda. Mrefu, mkimya, na ana tabia ya kugusa vitu. Akiingia ofisini kwangu anagusa kwanza bawaba za mlango, kisha anakishika kiti, anakitikisa, ndipo anakaa. Mwanzoni nilidhani anachagua cha kuiba.

Tabia hiyo aliitoa Natta. Ujanani aliajiriwa na kambi moja ya watalii huko, kazi yake kufukuza swala kwenye kiwanja ndege zikikaribia kutua, na kuosha vioo zikishatua. Miaka minne aliyokaa pale, aliniambia, hakuwahi kumwona rubani akipanda bila kuizunguka ndege yake akiigusa kila mahali, hata kama alikuwa ameizunguka saa moja iliyopita. Wenzake walikuwa wanacheka. Yeye alikuwa anahesabu sehemu zinazoguswa. Kambi ilipopunguza watu alirudi nyumbani na hesabu yake kichwani, sehemu thelathini na mbili, na nadhani ndege ilianzia hapo, ingawa mabomba ya alumini ya kiunzi chake aliyanunua miaka ishirini baadaye.

Injini aliipata Mugumu, kwenye Volkswagen iliyokuwa imeota nyasi nyuma ya nyumba ya mwalimu mstaafu. Akaileta kwa lori la mkaa, kisha akafanya jambo lililonitia mashaka makubwa. Aliikata injini nzima katikati. Silinda zilikuwa nne, akabakiza mbili. Alinieleza kwamba injini nzima ingekuwa nzito mno kwa ndege ya mtu mmoja, na kwamba wapo watu duniani wanaofanya hivyo. Mimi nilichosikia ni kwamba mtu ameharibu injini nzuri kwa msumeno, na nikataka kujua nusu nyingine imekwenda wapi. Ilikuwa uvunguni mwa kitanda chake. Nilikwenda kuangalia.

Mabawa aliyashona mkewe, Bhoke, kwa cherehani ya miguu, kitambaa cha polista mishono mitatu mitatu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa ya pikipiki, la mbele la toroli. Pangaboi, lile panga la mbao linalozunguka na kuisukuma ndege, alilichonga mwenyewe kwa vipande saba vya mvule vilivyogundishwa pamoja. Miezi minne alilichonga. Likikosea uzito upande mmoja kwa kiasi cha punje chache za mahindi, alisema, injini itajitikisa mpaka ing'oke.

Maneno ya kijiji sikuyatafuta, yalinifuata. Nyangwine ameonekana mjini ananunua rangi ya kucha, chupa tatu nyekundu, na kila mtu anajua Bhoke hapaki kucha. Nyangwine kila asubuhi anakinga kitu kwenye chupa nyeupe, anakiinua juani na kukitazama, basi anapika gongo. Nilikwenda kwa yote mawili. Rangi ya kucha ilikuwa kwenye nati. Kila nati akishaikaza anachora mstari mwekundu kutoka kwenye nati mpaka kwenye chuma, na mstari ukikatika anajua nati imelegea. Kwenye chupa ilikuwa petroli, anatazama kama maji yametuama chini. Nikaondoka nimeridhika kidogo na nimekasirika zaidi, maana hakuna kinachomuudhi mtu mwenye mashaka kama kupewa jibu zuri.

Aliandika barua kuomba mkaguzi wa usafiri wa anga, akajibiwa asubiri. Nami nikamwita ofisini nikamwandikisha ahadi. Niliiandika mimi mwenyewe, kwa uangalifu, kwa sababu najua watu wanavyochezea maneno. "Mimi Nyangwine naahidi magurudumu yote matatu yatabaki ardhini mpaka mkaguzi afike." Aliisoma mara mbili.

"Kwa nini yote matatu?" akauliza.

"Ili usije ukaniambia gurudumu moja lilibaki chini."

Akacheka, mara yake ya kwanza mbele yangu, akatia sahihi.

Mwezi mzima aliiendesha ndege ardhini tu, kwenye malisho ya chini kando ya korongo. Anaikimbiza kama gari, anageuka, anarudi. Kisha akagundua mkia ni mzito. Akaifungua injini, akaisogeza mbele upana wa kiganja, akachomelea upya vishikizo vyake, akabadilisha na waya za mkia. Wiki mbili alikuwa kwenye banda la ndege, kando ya malisho. Nilipita pale siku ya Jumatano, mvua inanyesha, nikamkuta anazunguka anagusa. Nilimsalimia, hakunijibu mpaka alipomaliza zote thelathini na mbili.

Alfajiri ya Ijumaa yowe likapigwa. Ng'ombe sita wa mzee Simioni wameibwa usiku.

Niwaeleze wasiotoka huku. Ng'ombe wakiibwa, nyayo zinafuatwa. Wanaume wanatoka, wanaangalia kwato zinaelekea wapi, na hawasimami. Zikiishia kwenye eneo la mtu, huyo mtu ndiye wa kuonyesha zilikoendelea. Akishindwa, ng'ombe ni wake kulipa, na kama watu wana hasira hawaishii kwenye kulipa. Utaratibu huu ni mkongwe kuliko ofisi yangu, na nakiri unafanya kazi haraka kuliko ofisi yangu. Kiongozi wa wafuata nyayo ni Kisyeri, mtu mfupi wa miaka hamsini ambaye husema kidogo na hutembea ameinama. Anaweza kukuambia ng'ombe aliyepita ana mimba.

Kwato zilishuka mpaka malisho ya chini zikapotea, kwa sababu ng'ombe wa kijiji kizima hupita pale kwenda kunywa maji. Lakini Kisyeri aliona kitu kingine. Kwenye udongo ulioloweshwa na mvua ya Jumatano kulikuwa na alama tatu za magurudumu, safi kabisa, zikienda moja kwa moja hatua mia na themanini. Halafu zimeisha. Hazikugeuka, hazikurudi, hazikuingia kwenye majani. Zimeishia katikati ya uwanja, na mbele yake udongo mtupu.

Nilipofika, saa moja na nusu, watu walikuwa zaidi ya mia na Nyangwine yuko katikati.

"Mura," Kisyeri alikuwa anasema, taratibu, kama wanaume wa huku wanavyoitana, "haya magurudumu ni yako?"

"Ni yangu."

"Yamekwenda wapi?"

Nyangwine akanitazama mimi. Kwa kufumba na kufumbua tu, lakini niliona. Kisha akasema, "Niliisimamisha hapo jana jioni, nikaisukuma kurudi nyuma. Kwa njia ileile."

Kisyeri akachuchumaa. Akaonyesha kwa kijiti. "Anayesukuma ana miguu. Ya kwako iko wapi?"

Miguu haikuwepo. Hata mtoto angeona. Nyangwine akaangalia chini pamoja na wengine.

Nasema wazi: pale nilimwamini kuwa mwizi. Sikujua ng'ombe sita wangepandaje kwenye kitu cha mtu mmoja, na sikuona haja ya kujua. Nilikuwa nimemwona mtu akidanganya, nikashusha pumzi, kama mtu aliyeshuku miaka sita na hatimaye analipwa. Aibu yangu inaanzia hapo.

Watu wakaanza kuongea wote kwa pamoja, Kikurya, nami nashika nusu. Neno moto nililishika. Vijana wawili walikuwa tayari wametoka bandani na dumu lake la petroli, ileile aliyokuwa anaitazama juani kwenye chupa. Wengine wakaikokota ndege nje kwa mkia, na Nyangwine akasema, kwa sauti ya chini sana, "Msishike mkia, shikeni bomba," na wao, sijui kwa nini, wakaacha mkia wakashika bomba.

Mzee Simioni alikuwa amekaa juu ya jiwe. Nilimwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, Mtendaji. Waambie wafanye haraka. Ng'ombe wangu wanatembea."

Lakini hakuna aliyefanya haraka. Nilisema suala liende polisi, Kisyeri akasema liende ritongo, ndio mkutano wao wa kimila, vijana wakasema liishie palepale. Mabishano ya namna hiyo hayana mwisho wake yenyewe. Ikafika saa tatu, ikafika saa nne. Nyangwine aliulizwa mara ishirini magurudumu yalikwenda wapi, na mara ishirini hakujibu, na kila asipojibu dumu lilisogezwa karibu na bawa.

Ndipo Bhoke akaja kwangu. Hakuja kwa Kisyeri wala kwa wazee. Alisimama mbele yangu mikono kiunoni.

"Mtendaji, nikuulize. Akionyesha yalikokwenda, utaichukua ndege?"

Hapo ndipo nilipoelewa. Nilielewa yote mara moja. Alama zimeisha kwa sababu ndege iliruka. Mtu huyu alikuwa tayari kuitwa mwizi wa ng'ombe, Tarime, mbele ya watu mia na dumu la petroli, ili tu asikiri kwamba amevunja karatasi niliyoiandika mimi kwa ujanja wangu.

Ningeweza kusema hapana. Ningeweza kusema tutaongea baadaye. Lakini ahadi ilikuwa na muhuri wa kijiji, na watu walikuwa wanasikiliza, na mimi ni mimi.

"Nitaichukua," nikasema. "Mpaka mkaguzi afike."

Bhoke akamgeukia mumewe akamwambia maneno mengi kwa Kikurya. Yeye akatikisa kichwa. Bhoke akaongea tena, mafupi zaidi, huku ameshika ncha ya bawa alilolishona. Nyangwine akaitazama ndege yake, kisha dumu, kisha mimi.

"Utaitunza?" akaniuliza.

"Itafungiwa bandani. Pangaboi litakaa ofisini kwangu."

Akavuta pumzi, akamfuata Kisyeri.

"Kisyeri, nyayo zikifika mtoni mnafanyaje?"

Kisyeri alimtazama kwa mashaka. "Tunavuka. Tunatafuta ng'ambo."

"Basi vukeni korongo."

Hakuna aliyetaka kwenda, na wote walikwenda. Korongo lile lina upana wa hatua sitini na kina cha nyumba, hakuna gurudumu linaloweza kulipita. Ng'ambo yake kuna shamba la mihogo lililoachwa lipumzike. Kisyeri alitangulia, ameinama, akapita kushoto, akapita kulia, akasimama. Akanyoosha mkono nyuma kutuzuia tusikanyage.

Magurudumu mawili ya nyuma yalianzia hapo. Hayakutoka popote. Nyuma yake kulikuwa na nyasi zimesimama, hazijakanyagwa. Hatua ishirini mbele ndipo na lile la toroli lilipogusa chini, na alama zote tatu zikaenda mpaka barabarani, na hapo kulikuwa na miguu miwili ya mwanaume na miwili ya mwanamke, wanasukuma.

Kisyeri alipiga magoti. Alipima kina cha alama kwa kidole, upande huu na ule. Kisha akafanya kitu ambacho sijawahi kumwona akifanya katika miaka sita: aliinua uso akatazama juu, kutoka shamba la mihogo mpaka kule malisho, pole pole, kama anaisoma njia.

"Hii haikubeba hata mbuzi," akasema.

"Ilinibeba mimi," Nyangwine akajibu. "Ukisogeza injini, mkia unabadilika. Chini huwezi kuujua. Ilikuwa lazima nijue."

"Na uliujua?"

"Nilikuwa nimeisogeza kupita kiasi. Nusu ya kiganja ingetosha."

Hakuna aliyecheka. Kisyeri alisimama akajipangusa magoti, akawaita watu wake waanze upya, wazunguke mbali zaidi. Haikupita nusu saa wakazipata kwato sita upande wa juu, kwenye udongo wa murramu, zikielekea Sirari, mpakani. Zilikuwa zimeanza kukauka kingo. Kisyeri alikimbia, na wengine wakamfuata. Walirudi kesho yake na ndama mmoja aliyechechemea. Watano walikuwa wameshavuka mpaka saa nyingi.

Mzee Simioni hakunilaumu. Afadhali angenilaumu. Alipokea ndama wake, akaniuliza kama nimekula.

Nilifanya nilichosema. Banda likafungwa kwa kufuli la ofisi, na Nyangwine mwenyewe akalifungua pangaboi, bolti sita, akazipanga kwa mfuatano kwenye kopo. Alilibeba kwa mikono miwili mpaka ofisini na kulilaza juu ya kabati la mafaili, kwenye vipande viwili vya godoro. Kisha akanipa maelekezo, na ilikuwa mara ya kwanza mtu wa kijiji kunipa mimi maelekezo.

"Lisisimamishwe. Likisimama, unyevu wote unashuka upande mmoja. Lilale, na kila wiki uligeuze, la juu liwe chini. Ofisi yako ina bati, mchana ni tanuri. Usipogeuza, upande mmoja utakauka kuliko mwingine."

"Kila wiki siku gani?"

"Utakayoikumbuka."

Tukasema Jumatatu.

Kijiji kiligawanyika, na sehemu zote mbili zilikuwa na mashaka. Wapo waliosema Nyangwine hakuiba, lakini alitushikilia pale kwa makusudi mpaka ng'ombe wavuke, na kwamba kuruka kwake Alhamisi na wizi wa Alhamisi usiku haviwezi kuwa bahati. Wapo waliouliza kwa nini pangaboi linalala ofisini kwa Mtendaji, mwanamke asiye na mume, juu ya godoro. Kisyeri pekee hakuongea. Siku moja alikuja kuomba barua, akanikuta nikiligeuza, akauliza ninafanya nini. Nikamweleza. Akalitazama akasema, "Na yeye atajuaje kama umeligeuza?" Nikamwambia yeye atoke nje na mashaka yake.

Nililigeuza. Mwezi wa kwanza tangu liletwe, wa pili, wa tatu. Nililipenda, nasema kweli. Lilikuwa laini kama ngozi, na lina harufu, na nilianza kulipangusa kwa kitambaa kabla ya kuligeuza, na nilijikuta nikipitisha mkono wote kutoka ncha hii mpaka ile kabla sijakaa kufanya kazi. Mwezi wa nne mama yangu mdogo akafariki. Nikaenda Muleba kuzika, na mambo ya msiba unayajua, nikakaa wiki tatu. Ilikuwa kiangazi, jua la Tarime halikuwa na utani. Ufunguo wa ofisi niliondoka nao.

Niliporudi nililigeuza siku ileile, ilikuwa Alhamisi, na sikuona kitu.

Barua ya mkaguzi ilikuja mwezi wa sita. Atafika tarehe kumi na tisa. Nyangwine alikuja kwangu na shati lililopigwa pasi. Akagusa bawaba, akagusa kiti, hakukaa. Akalishusha pangaboi, akalipeleka dirishani penye mwanga, na kuanza kupitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio ya zile mbao saba, pole pole, kutoka katikati kwenda nje. Karibu na tundu la bolti ukucha ukasimama. Akarudi nyuma, akapita tena. Ukasimama palepale.

Nilikwenda kuangalia. Ulikuwa ufa mwembamba, mfupi kama sindano.

"Haliwezi kuruka," akasema. "Likizunguka litapasuka."

"Hutaweza kulitia gundi?"

"Hapana. La kuchonga upya." Alihesabu kimoyomoyo. Miezi minne, na mkaguzi anakuja baada ya siku kumi na moja. Akaligeuza, akatazama upande wa pili, akalinganisha rangi ya pande zote mbili kwenye mwanga. Halafu akaniangalia mimi. Uso wake haukuwa na hasira. Ulikuwa uso wa mtu anayeuliza kwa sababu ni lazima aulize.

"Mtendaji, ulikuwa unaligeuza?"

"Kila Jumatatu," nikasema.

Kisha akasema sawa, akashukuru kwa kumtunzia, akalichukua chini ya kwapa akatoka. Nilimsikia akifunga mlango taratibu, ule wenye bawaba mbovu, ambao ukiuvuta kwa nguvu unatoka.

Anachonga jingine. Nikipita pale jioni nasikia randa. Habari ya zile wiki tatu za Muleba sijamwambia mpaka leo, na yeye hajaniuliza tena.